Hakuna Aliyeomba Pazia

Tarehe 9, mwezi wa nne

Chiriku mpwa wangu,

Salamu ndefu tutapeana ukija. Kwanza nikupe habari za huku, maana nyie mnaokaa maghorofani habari mnaletewa zimeshapoa.

Albamu yako imetua. Imetua kama gunia la mawe juu ya bati, hakuna asiyegeuka. Toka wiki ile kibanda changu hakifungiki. Fundi viatu wa kushoto kahamisha benchi lake, maana foleni yangu ilikuwa inamkalia juu ya viatu vya watu. Kinyozi wa kulia kamnyoa mteja upande mmoja, wa pili akasahau, masikio yote yako kwangu. Mteja mwenyewe katoka hivyo hivyo anaimba. Jana nimeona vijana wawili wamenyoa upande mmoja, nimewauliza, wanasema ndiyo mtindo. Umeanzisha mtindo na hujui.

Najua unasema Mjomba ameanza. Sijaanza. Nikianza utajua.

Usinipigie simu kuniuliza. Simu yangu unaijua, inasikia inachotaka yenyewe. Barua ndiyo mambo. Mimi shule niliipita kwa nje nikienda zangu, kuandika nimejifunzia kwenye migongo ya kaseti, na mpaka leo sijaona mtu aliyeshindwa kusoma mwandiko wangu isipokuwa mkazamjomba wako, na yeye ni ukaidi tu.

Kazi yangu unaijua ilivyo. Mtu haji na jina la wimbo. Majina ya nyimbo wanayajua wenye nyimbo. Mtu anakuja na flashi yake, anainama dirishani, anaona aibu kidogo, anatazama kama kuna anayemjua, halafu anautoa wimbo kwa pua. Mm-mm-mmm. Hapo ndipo wenzangu wote walipofunga biashara. Mimi? Alikuja mzee mmoja hana jino hata la kusingizia, na pumu juu. Hakuimba. Alihema mara mbili tu. Nikamwambia keti, mzee mwenzangu. Nikamwekea wimbo uliopigwa siku ya harusi yake. Alilia mpaka flashi ikaloa, ikabidi niianike.

Basi hizo pua zote sasa zinaimba wewe. Nakwambia kweli, nina kazi ya kuwapanga.

Kwa hiyo kula. Mkazamjomba wako kakuona kwenye televisheni, anasema shingo yako imekuwa mpini wa mwiko. Nimemwambia ni kamera. Kula hata hivyo.

Huku wote wazima. Kaburi la dada tumelipalilia.

Mimi mjomba wako,
Daktari Mkuu wa Kaseti Zote Zilizokatika


Tarehe 17, mwezi wa nne

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeichukua ofisi ya vifurushi. Yule dada wa dirishani aliniomba kitambulisho. Albamu ya kwanza ilipotoka alikuwa ananiimbia kabla sijafika mlangoni. Leo alitazama picha, akanitazama mimi, akanipa bahasha.

Mjomba, huku mambo hayako kama huko kwenu. Albamu hii ya Sura Mpya haitembei. Jina hilo walichagua wao, mimi nilisema sawa. Mauzo hayajafika nusu ya ile ya kwanza. Redio walipiga wiki ya kwanza kwa ajili ya heshima, sasa wakinitaja wanapiga Rudisha Ufunguo, wimbo wa zamani. Gazeti moja limeandika kwamba naimba vizuri lakini sipo. Meneja alinisomea, akasubiri nikasirike. Nilimuuliza kama chai bado ipo kwenye chupa.

Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye unayeweza kunisaidia. Kampuni imebakiza nafasi moja. Watachagua wimbo mmoja kwenye albamu, watautengenezea video, watausukuma redioni na mitandaoni. Ukishika, tunaendelea, na albamu ya tatu ipo. Usiposhika, wanaacha kuitangaza na mimi wataniita tuzungumze. Unajua maana yake wakikuita mzungumze.

Kikaoni kila mtu ana wimbo wake. Wa mauzo anataka ule wa kuchezesha watu. Meneja anataka ule wa mwisho kwa sababu mke wake anaupenda. Waliniuliza mimi. Nikasema sijui. Ni kweli sijui. Toka tumzike mama nakula, naoga, nasaini karatasi, naimba nikiambiwa niimbe, na yote ni kama naangalia mikono ya mtu mwingine. Nyimbo hizi nilizirekodi wakati anaumwa, asubuhi studio, mchana narudi kwake. Nikizisikiliza sasa sisikii kitu. Siyo nzuri, siyo mbaya. Ni kama kusoma namba kwenye mita.

Nikawaambia nina mjomba mwenye kibanda cha nyimbo. Watu wakienda kwake wanaimba puani. Hamna karatasi ya mauzo inayoweza kunidanganya mbele ya pua za watu. Walicheka, lakini wamekubali kusubiri.

Sasa niambie, wimbo gani wanaimba? Mmoja tu. Usiniambie yote.

Mpwa wako,
Chiriku


Tarehe 24, mwezi wa nne

Chiriku,

Kikao kizima cha watu wenye viti vya kuzunguka kinamsubiri mjomba wako. Nimemsomea mkazamjomba wako hiyo sehemu mara tatu. Mara ya tatu kaingia jikoni kabla sijamaliza.

Haya, andika chini. Pazia.

Pazia, mama. Wala usihangaike na zile nyingine. Leo asubuhi kabla sijatoa kufuli kaja dereva wa lori la maji, mtu mwenye sauti kama lori lenyewe, kainama dirishani kaitoa Pazia laini kama anambembeleza mtoto. Nikamwambia we baba, hii sauti ulikuwa umeificha wapi? Akasema hata mke wake hajawahi kuisikia. Baadaye wamekuja wanawake wa chama cha kuweka na kukopa, wote pamoja, kila mmoja na pua yake. Kibanda kikatetemeka mpaka nyaya zikaachana. Mwenyekiti wao alizishikilia zile nyaya kwa mkono niunganishe, anaendelea kuimba. Umeme ulimpitia akabadilisha sauti kidogo, akapendeza zaidi.

Na askari. Usimsahau askari. Alikuja na sare, anajifanya anakagua leseni, macho juu, macho chini, kisha akanong'ona: ile ya pazia unayo? Nikamwambia afande, weka leseni chini tuzungumze kama binadamu.

Kwa hiyo waambie hao wa viti vya kuzunguka kwamba mjomba amesema. Na wakiuliza mjomba ni nani, waambie ndiye aliyeunganisha mkanda wa kaseti kwa utomvu wa mti, kaseti ikapigwa miaka, na ilipofika pale penye utomvu msikilizaji alikuwa anasikia ndege.

Hilo la kutosikia kitu lisikutie wasiwasi. Masikio nayo yanachoka kama miguu. Mimi mwenyewe siku hizi napenda kibanda kimya kimya. Umri.

Uji unakunywa? Kunywa.

Mimi mjomba wako,
Msemaji Mkuu wa Pua za Wananchi


Tarehe 20, mwezi wa tano

Shikamoo Mjomba,

Ni Pazia. Niliwasomea barua yako kikaoni, nikaruka ile ya umeme. Wa mauzo alibisha sana. Mimi sijawahi kubishana nao, safari hii nilisema kama si Pazia basi nisiimbe chochote. Nilisema kwa sauti ya kawaida tu, lakini walikubali. Meneja alisema baadaye kwamba ameniona kama zamani. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshika barua yako mfukoni na kwamba maneno yale ni yako.

Video imekwisha. Walinikalisha kwenye kiti karibu na dirisha kutwa nzima. Aliyekuwa anapiga picha aliniambia nifikirie kitu cha kuumiza. Nikafikiria kwamba kiti kina mguu mmoja mfupi. Akasema safi, hapo hapo, usitoke.

Wimbo umeanza kupigwa. Wiki ijayo kuna onyesho ukumbini, kampuni imealika wenye redio, wenye matangazo, watu wa magazeti. Wanataka kuona watu wakiimba pamoja na mimi. Meneja anasema nifike mahali fulani kwenye wimbo, ninyamaze, nielekeze maikrofoni kwa watu, wamalizie wao. Watu wa redio wakiona hivyo, kazi imekwisha.

Swali ni mahali gani. Niambie wanapokuja dirishani kwako wanaanzia wapi, wanatoa kipande kipi. Nijibu haraka ukiweza.

Mkazamjomba msalimie. Uji nakunywa.

Chiriku


Tarehe 26, mwezi wa tano

Chiriku wangu,

Barua yako imechelewa, ofisi ya vifurushi walikuwa wanapaka rangi, bahasha zote zinanuka tapentaini. Mkazamjomba wako kanusa, kaniuliza mpwa wako siku hizi anakunywa nini.

Swali lako jepesi, ungeniuliza gumu. Wote wanaanzia kiitikio. Funga pazia, jua linaniona. Hapo hapo. Hakuna anayeanzia kwingine. Lile neno linaniona wanalipandisha juu kama wewe, halafu wanaliachia. Dereva wa lori la maji akifika hapo anafumba macho. Wale wanawake wa chama wakifika hapo wanashikana mabega. Jana kapita mmoja kwenye baiskeli, hata hakusimama, kanirushia tu: jua linaniona! Nikamrushia na mimi. Kinyozi akamalizia. Mtaa mzima, Chiriku.

Wewe fika hapo, nyamaza, toa maikrofoni, kaa pembeni. Watakuimbia mpaka uombe wakuachie.

Shati langu la mistari nimelipiga pasi, nitalivaa siku hiyo hapa hapa kibandani, na nikiulizwa nitasema leo mtoto wa dada yangu anaimbiwa.

Mjomba wako,
Mwenye Mtaa


Tarehe 3, mwezi wa sita

Mjomba,

Onyesho lilikuwa kabla barua yako haijafika. Nilichagua mahali mwenyewe, mwisho wa ubeti wa pili, nikanyamaza nikatoa maikrofoni.

Hakuna aliyeimba.

Mpiga ngoma aliendelea kupiga, labda alidhani wanajiandaa. Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Niliacha mkono pale pale, mpaka ukachoka. Kijana mmoja nyuma alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Halafu nikarudisha maikrofoni mdomoni nikamaliza wimbo. Watu wa redio waliondoka kwa adabu, mmoja alinishika mkono akaniambia umependeza.

Sikuona aibu. Nilisimama pale najisubiri nione aibu, haikuja. Kama kuna kitu kinanitisha siku hizi ni hicho, na hata hicho kinanitisha kwa mbali.

Kesho yake nikapata barua yako.

Mjomba, kiitikio hicho hakipo kwenye albamu. Funga pazia, jua linaniona, walikikata. Fundi wa studio alisema kinazuia wimbo kutembea, akaweka kinanda mahali pake. Anayenunua albamu hawezi kuyajua maneno hayo. Dereva wa lori hawezi, askari hawezi, wa baiskeli hawezi. Nje ya studio nimeyaimba maneno hayo mbele ya mtu mmoja tu, siku moja, jikoni kwangu, ulipokuja kumwona mama. Wewe ulikuwa umekaa juu ya ndoo unamenya viazi, mama amelala chumba cha pili, ukaniambia niimbie hicho unachokirekodi, nikakuimbia.

Flashi nilikutumia ikiwa na nyimbo zote. Umeisikiliza?

Sina hasira. Nauliza tu.

Chiriku


Tarehe 15, mwezi wa sita

Mwanangu Chiriku,

Mimi ni mkazamjomba wako. Utaona mwandiko umenyooka, usishtuke.

Mjomba wako hakujibu. Nikimuuliza anasema ofisi ya vifurushi wanapaka rangi. Nimepita pale, rangi imeshakauka zamani. Barua yako niliikuta chini ya godoro, upande wake. Nimeisoma. Mtu anayeficha kitu chini ya godoro ninalotandika mimi, huyo anataka nisome.

Sasa nikwambie yalivyo. Spika ya kibanda haijawashwa toka tumetoka kuzika. Siyo mbovu. Watu wanakuja, anawawekea nyimbo kwenye flashi zao kimya kimya kama anauza misumari. Wengine wanasimama pale wanangoja wasikie, anawaambia nenda kasikilize kwako. Fundi viatu aliniambia mimi, anasema mtaa umekuwa kama siku ya mtihani. Wateja wamepungua. Foleni hakuna. Hao wanawake wa chama ni wa chama changu, na hatukwenda popote.

Flashi yako iko kwenye mfuko wa koti lake, ule wa ndani. Koti nalifua, flashi naitoa, nikianika naikuta imesharudi. Hajaisikiliza. Siku moja redio ya kinyozi ilikupiga, alitoka akaenda kusimama nyuma ya kibanda kama mtu anayetafuta pa kujisaidia, mpaka ulipomaliza. Nikamuuliza una nini. Akanijibu, "Anafungua mdomo yeye, anatoka dada."

Hakusema zaidi ya hapo, na wewe unamjua, yeye hata akiwa na tumbo la kuendesha atakusimulia mpaka rangi. Hili amelimeza.

Hadithi za dereva na askari alikuwa ananisomea kabla ya kufunga bahasha. Nilimwambia huyo mtoto amekuuliza swali, siyo hadithi. Akasema akisikia hakuna anayemwimba hatakula. Nikamwambia sasa hivi anakula? Akanuna siku nzima.

Nimemwambia leo kwamba nimekuandikia. Kaomba funguo za kibanda, na leo hatufungui.

Usimkasirikie sana. Kidogo, sawa.

Mkazamjomba wako


Tarehe 16, mwezi wa sita

Chiriku,

Jana nilijifungia kibandani nikasikiliza. Spika kubwa. Wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu nikarudia.

Hakuna aliyeomba Pazia. Hakuna aliyeomba wimbo wowote wa albamu hii. Wanaomba Rudisha Ufunguo, mpaka juzi wameuomba.

Uliniuliza, nakujibu sasa.

Sauti ni safi. Hakuna mahali umekosea. Wapigaji nao wanajua kazi. Nilikaa nikitafuta kasoro niipate niwalaumu hao wa kinanda, sikuipata. Lakini albamu nzima, hata ule wimbo wa kuchezesha watu, unaimba vile vile ulivyoniimbia jikoni. Unaimba kama mtu anayepita na sufuria mlangoni kwa mgonjwa. Kila neno unaliweka chini polepole lisigonge. Pale pa kupanda unapanda nusu, unasimama, unasikiliza kama kuna mtu amegeuka kitandani. Mimi mwenyewe kufika wimbo wa tatu nilikuwa nimeshaanza kuvuta kiti bila kukiburuta.

Mtu akija dirishani kwangu anaimba puani kitu kilichomshika. Hiki hakimshiki, kinamwambia nyamaza. Naye ananyamaza. Hata huko ukumbini walinyamaza kwa sababu uliwaambia wanyamaze, na mimi nilikutuma huko.

Hao kampuni hawawezi kukwambia hili kwa sababu hawakuwahi kufika jikoni kwako. Mimi nilifika, na nikakaa na flashi mfukoni.

Mwanangu, dada yangu hayupo tena chumba cha pili. Tumemzika mwezi wa kwanza, mimi nilishika upande wa kichwa. Hakuna utakayemwamsha.

Mjomba wako


Tarehe 27, mwezi wa sita

Shikamoo Mjomba,

Barua zenu zote mbili nimezipata. Ya mkazamjomba ilitangulia. Yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya ofisi ya vifurushi, nikapisha watu, nikaisoma tena.

Kampuni wameniita tukazungumza. Sura Mpya wameacha kuitangaza. Mkataba hawakuuvunja, wala albamu ya tatu hawakuitaja. Meneja alinisindikiza mpaka kwenye lifti, hajawahi kunisindikiza. Aliniuliza kwa nini wimbo haukushika, kama nina lolote la kusema. Nikamwambia niliimba nikiwa nauguza. Akasema angejua wangesogeza tarehe. Nikamwambia na mimi ningejua ningewaambia.

Nimerudi nyumbani nikakaa. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umerudishiwa tu, jinsi tunavyouacha siku zote ili nimsikie akiita. Nimeupita hivyo miezi yote hii. Nimeufungua wote, nikaweka kiti usirudi.

Leo saa nne asubuhi nilikuwa bafuni nafua. Nikaanza Pazia, na kile kiitikio walichokikata. Nilianza kama ilivyo kwenye albamu, nikajisikia mwenyewe, umesema kweli, nilikuwa naweka maneno chini. Nikaacha. Nikaanza tena, nikalipandisha lile neno linaniona mpaka juu linakoishia. Sijui kama lilikuwa zuri. Koo liliuma. Sikulia, usije ukamwambia mkazamjomba kwamba nililia.

Jirani wa upande wa pili akagonga ukuta, kwa kitu kizito, labda kiatu. Nikanyamaza papo hapo, kwa mazoea, nikatega sikio upande wa chumbani.

Hakuna aliyeita.

Nikaendelea. Jirani naye akaendelea kugonga.

Chiriku